Kuvuta si Kubeba

Katika matangazo ya pikapu za Marekani kitenzi kimoja hupewa kazi yote: kuvuta. Gari hili linavuta tani saba, lile tani tisa, jingine limepita hapo. Namba huandikwa kubwa, na mnunuzi mwenye tela zito huiendea moja kwa moja, akailinganisha na uzito wa tela lake, akaona imetosha, akalipa. Mimi nasema kitenzi kimempotosha. Kwa tela la aina ninayoizungumzia hapa, neno la kuulizia dukani ni kubeba.

Tela lenyewe ni nyumba. Lina vyumba, jiko, bafu na matangi ya maji, na Marekani na Kanada wako wastaafu wanaoishi humo miezi mingi kwa mwaka, wakihama na majira. Makubwa yake hupita tani saba yakishapakiwa. Sehemu ya mbele imeinuka, ikatokeza kama shingo juu ya bodi la pikapu, na chini ya shingo hiyo kuna pini nene ya chuma. Pini huingia na kujifunga katika bamba lililokazwa kwenye fremu ya pikapu, ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Hapo ndipo linapotofautiana na tela la kawaida, ambalo huning'inia nyuma kabisa, kwenye tufe la chuma chini ya bampa.

Waingereza na Wamarekani huliita bamba hilo gurudumu la tano, na jina limehamia kwenye tela zima. Chanzo chake ni enzi ya magari ya farasi. Gari la farasi lilikuwa na magurudumu manne ya kukimbilia, na juu ya ekseli ya mbele kulilazwa duara jingine la chuma au mbao ili ekseli ipate kugeuka upande huu na huu. Lilihesabiwa la tano ingawa halikugusa barabara. Farasi wakaondoka, duara likabaki. Glenn Curtiss, yule Mmarekani mashuhuri kwa kuunda ndege, alipotengeneza tela lake la safari mwishoni mwa miaka ya 1920, aliliunganisha na gari kwa kutumia tairi la ndege lililolazwa ubapa. Kwake yeye jina lilikuwa na mpira na upepo ndani.

Tafsiri ya neno kwa neno ipo, na inasomeka. Lakini msomaji wa Kiswahili akiambiwa "tela la gurudumu la tano" ataanza kuhesabu, na hesabu itamkataa, kwa kuwa pikapu inayofaa kazi hii mara nyingi ina matairi sita na tela lenyewe lina manne au sita yake. Jina hilo ningeliachia bamba, kwa heshima ya historia. Tela linahitaji jina linalosema linavyofanya kazi.

Madereva wetu walikwisha kuiona tofauti hii zamani. Tanzania wanasema semi na wanasema puling. Puling ni lori lenye bodi lake kamili, linalokokota tela la pili kwa mkono wa chuma. Tela hilo linasimama kwa magurudumu yake, mbele na nyuma, na lori halilibebei kitu ila kulivuta. Tela la semi halina miguu ya mbele ya kutembelea. Ukiliachanisha na kichwa, lazima ulishushie vyuma vya kusimamia, la sivyo linaanguka kifudifudi. Neno semi limetokana na kiambishi chenye maana ya nusu. August Fruehauf, mhunzi wa Detroit, ndiye aliyelitia jina hilo katika biashara baada ya kuunda, mwaka 1914, tela la kubebea mashua ya mfanyabiashara wa mbao, Frederic Sibley, likavutwa na gari dogo la Ford. Nusu ya uzito inatembea kwa magurudumu yake yenyewe, nusu imemlalia mwingine. Utingo wa Dar es Salaam anayetamka semi na puling bila kufikiri ameshatenganisha vitenzi viwili ambavyo tangazo la Marekani limevichanganya.

Kiswahili kina utajiri wa kubeba. Tunatwika kichwani, tunaeleka mgongoni, tunachukuza wapagazi, tunapakata mapajani. Hilo la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania. Mama anayempakata mtoto kwenye basi hamvuti. Uzito wa mtoto umeshuka mapajani mwake, na basi likiruka shimo, mapaja ndiyo yanayojua. Pikapu hupakata shingo ya tela namna hiyohiyo. Kitenzi hiki kimekwisha kuzaa istilahi inayopendwa, kipakatalishi, na sioni kwa nini kisizae nyingine. Napendekeza tela la kupakatwa, na uzito unaoishukia pikapu kupitia pini uitwe mpakato.

Mpakato si mdogo. Kwa tela la kawaida, lile la nyuma ya bampa, uzito unaoangukia gari ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Kwa tela la kupakatwa ni kati ya asilimia 15 na 25, na mtu mwangalifu huhesabu 20 au zaidi. Tuchukue tela la kilo 7,000 likiwa limepakiwa. Mpakato wake ni kilo 1,400. Bamba la kuunganishia, kilo 90. Baba, mama na watoto wawili wakubwa na mabegi yao, kilo 320. Sanduku la vifaa, kilo 60. Jumla ni kilo 1,870, na zote ziko juu ya pikapu kabla haijasogea hata hatua moja.

Sasa twende mlangoni. Ukifungua mlango wa dereva wa pikapu ya Marekani utakuta kwenye nguzo kibandiko chenye rangi ya njano kinachotaja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Namba hiyo ni ya gari hilohilo uliloligusa, pamoja na viti vyake vya ngozi na vikorombwezo vyote vilivyotiwa kiwandani. Ile ya tangazo ni ya gari lililochaguliwa kwa wepesi. Pikapu ya dizeli ya daraja la kati, yenye milango minne na inayovuta kwa magurudumu yote, mara nyingi huwa na kibandiko cha kilo elfu moja na mia kadhaa. Tuseme 1,150. Toa bamba, toa familia, toa sanduku: zinabaki kilo 680 za mpakato. Kwa asilimia 20, hilo ni tela la kilo 3,400. Kitabu cha mauzo cha gari hilohilo kinaweza kusema linavuta tani saba au nane, na hakijasema uongo. Kimejibu swali la kuvuta.

Uwezo wa kuvuta wenyewe una historia ya kueleza. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia kivyake na kujitangazia kivyake. Mwaka 2008 jumuiya ya wahandisi wa magari, SAE, ikatoa kipimo cha pamoja kinachoitwa J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata, kwa pikapu zake za mwaka 2011. Sehemu ya jaribio hilo ni mlima wa Davis Dam huko Arizona, ambako gari hupanda na tela lake wakati wa joto kali, kipoza hewa kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na halitakiwi kushuka chini ya mwendo uliowekwa. Ni kipimo kizuri, nakiheshimu. Lakini kinapima gari likiwa na dereva na abiria mmoja, kila mmoja wa kilo 68. Ukiwaona wastaafu wa Marekani wakishuka kwenye pikapu na mbwa wao wawili utajua kwamba hesabu inataka kurudiwa.

Majina ya madaraja nayo yanapotosha. Pikapu huko huitwa nusu tani, robo tatu ya tani na tani moja. Majina hayo zamani yalisema kweli: Ford ilipotoa pikapu zake za F mwaka 1948, ile F-1 ilikuwa gari la kubeba nusu tani, na mwaka 1953 ikaitwa F-100, ikifuatwa na F-250 na F-350. Chuma kikaimarika, majina yakabaki palepale. Leo ya nusu tani hubeba zaidi ya nusu tani, na ya tani moja yenye matairi sita inaweza kupita tani mbili na nusu. Hata kwetu tunasema Canter ya tani tatu huku tukiipakia kwa kadiri ya ujasiri wa mwenye mzigo, kwa hiyo sishangai. Kinachonisikitisha ni daraja la robo tatu. Kwa muda mrefu magari mengi ya daraja hilo yameandikishwa kwa uzito wa jumla wa pauni 10,000, yaani kilo 4,536, kwa kuwa hapo ndipo daraja la pili la serikali linapoishia. Injini ya dizeli ni nzito. Ikiwekwa humo inakula sehemu ya kilo ambazo gari lingebeba. Mnunuzi analipa ziada ili apate nguvu ya kuvuta, na kwa malipo hayohayo anapunguza uwezo wa kubeba.

Ndiyo maana kwa tela la kilo 7,000 hesabu yetu ya 1,870 hutua kwenye daraja la tani moja, na kwa familia inayopenda nafasi ya akiba, kwenye ile yenye matairi mawili kila upande wa nyuma. Hiyo ningeiita pikapu ya tairi pacha. Upana wake wa nyuma huitia utulivu pepo za pembeni zinapoisukuma nyumba iliyo nyuma, na tairi moja likipasuka lipo la pembeni yake. Urefu wa bodi nao uulizwe. Lenye karibu mita 2.4 linampa dereva nafasi ya kukata kona. Lenye mita 2 linaweza kuifanya shingo ya tela igonge kioo cha nyuma cha kichwa, isipokuwa kwa bamba la kuteleza linalorudi nyuma wakati wa kugeuza. Kuhusu injini sitasema mengi, maana nguvu zimekuwa tele tangu Dodge ilipotia dizeli ya Cummins ya lita 5.9 mwaka 1989. Tazama zaidi breki ya injini, ile inayoziba njia ya moshi kwenye mteremko.

Wauzaji wengine watakushauri utie mifuko ya hewa kwenye springi ili nyuma isishuke. Hapa tena kitenzi kimoja hakitoshi. Kuinua si kuhimili. Mifuko inainua bodi, gari linasimama sawa machoni, lakini ekseli, matairi na breki ni vilevile, na kibandiko cha mlangoni hakijabadilika. Kiswahili sanifu huiita ekseli mhimili, na neno hilo limetokana na kuhimili. Jina zima la kifaa ni onyo kwa anayetaka kukidanganya.

Maneno ya uzito tunayo tayari, tena yamezoeleka barabarani. Uzito mtupu ni wa gari bila mzigo. Kenya hupakwa kwa rangi ubavuni mwa magari ya biashara, herufi T.W. na kilo zake. Uzito wa jumla ni gari na vyote vilivyomo. Uzito wa ekseli ni sehemu inayokanyagwa na ekseli moja. Dereva anayepita mizani ya Vigwaza au Mariakani anajua kwamba anaweza kuwa chini ya zile tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki na bado akazuiwa kwa sababu ekseli moja imezidi. Linalopungua ni jina la uzito wa pikapu na tela vikiwa pamoja, ambao nao una kikomo chake cha kiwandani. Ningependa tuuite uzito wa msafara.

Marekani mizani ya namna hiyo iko kwenye vituo vya malori, na ya kampuni ya CAT Scale ina majukwaa yanayosoma ekseli za mbele, za nyuma na za tela kila moja peke yake. Mwenye pikapu hulipa ada ndogo akapima akiwa na tela, kisha akaliachanisha, akarudi na pikapu peke yake ikiwa na watu na vitu vilevile. Atoe uzito wa pili wa pikapu katika ule wa kwanza. Tofauti ni mpakato wake halisi. Tela liwe limepakiwa kama litakavyosafiri, na tangi lijazwe ikiwa ndivyo atakavyosafiri nalo, kwani lita 300 za maji ni kilo 300. Tangi likiwa mbele, nyingi ya kilo hizo zitaishukia pikapu.