"Squatter" na "Tenant": Historia ya Tofauti Moja ya Maana katika Pwani ya Kilifi

Maneno ya Kiingereza "squatter" na "tenant" yanakaribiana: yote mawili humtaja mtu akaaye juu ya ardhi isiyo yake. Kwa mkaazi wa Junju, kati ya Mtwapa na mji wa Kilifi, kuyatenganisha si suala la mtindo wa lugha, kwani huweza kuamua nani abaki na nani ahame.

"Squatter" linatokana na kitenzi chenye maana ya kuchutama. Anayechutama hajakaa, yu tayari kuinuka. Hata hivyo, neno hilo limebadilika kila lilikofika. Katika Australia ya karne ya 19 lilikuja kuwataja wafugaji matajiri wa kondoo. Katika mashamba ya walowezi wa bara la Kenya, hususan baada ya sheria ya 1918 iliyowadai wakaazi siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka, lilimtaja mfanyakazi aliyekaa kwa mkataba.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Mnamo 1907 utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya hati za ardhi. Sheria hiyo ilimtaka mwenye madai ajitokeze kuthibitisha milki yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Kifalme. Walionufaika zaidi ni wenye mashamba Waarabu na Waswahili. Watumwa walioachwa huru, pamoja na Wamijikenda wengi ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, walibaki nje ya daftari. Mtu alilala mwenyeji akaamka "squatter", bila ya kuhama hata hatua moja.

Frederick Cooper alikiita kitabu chake cha 1980 "From Slaves to Squatters". Jina hilo lisisomwe kwa pupa kuwa ni kisa cha kuporomoka. Kwa mtumwa wa zamani, kulima kipande cha shamba pasipo msimamizi kulikuwa ni kumponyoka bwana aliyetaka kumgeuza kibarua. Hati hakuipata, nafasi aliipata.

Kiswahili nacho kina "mpangaji" mwenye makubaliano na "mvamizi" mwenye kosa. Hakuna linalomtosha aliyepanda minazi katika ardhi ya mwingine, maana Pwani mnazi na ardhi huweza kuwa na wenyewe wawili. Pengine ndiyo sababu wasemaji wakaacha kutafsiri, wakasema "skwota" tu.

Mahakamani ndipo tofauti hii inapouma. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, aliyeikalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini, aweza kuomba atambuliwe kuwa mwenyewe. Aliyekaa kwa idhini miaka yake haihesabiwi. Basi mzee anayelinda heshima yake, akaeleza kwamba babake alikaribishwa na kwamba kodi ilipelekwa kila mwaka, amejiita "tenant", na kwa neno hilo huenda ameipoteza kesi. Jirani yake, aliyekubali jina la dharau, bado ana hoja, mradi ardhi isiwe ya umma.

Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo inawataja "squatters" miongoni mwa wanaokusudiwa kupewa makazi. Hapo neno lile lile ni ombi kwa Serikali, ilhali mbele ya hakimu ni dai dhidi ya mwenye hati.