Tochi ya Zamu: Historia ya Mwanga wa Mkononi Kigali

Kigali iko karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiku wake hauna kiangazi wala masika. Iwe Januari au Julai, giza huingia kwenye saa kumi na mbili jioni na kuondoka kwenye saa kumi na mbili asubuhi. Zamu, kama anavyoitwa mlinzi wa nyumba katika mji huu, hukabidhiwa lango jua likizama na kuliachia jua likichomoza. Ni saa kumi na mbili za kukesha, usiku baada ya usiku. Hesabu hiyo ndiyo ya kuanza nayo kijana anaposimama mbele ya bidhaa kule kwa Mateus, katikati ya mji, akimtafutia mzee wake tochi ya kazini. Muuzaji atamsifia mwanga. Yeye aulize saa.

Maana ukiifuata historia ya tochi tangu ilipobuniwa hadi ilipopanda vilima vya Nyarugenge, utakuta balbu haikuwa shida kubwa. Kilichowatesa watu ni betri, na gharama ya betri karibu kila mara imemwangukia aliyeishika.

Hataza ya tochi ya mkononi ilitolewa Marekani tarehe 10 Januari 1899 kwa David Misell, mvumbuzi Mwingereza aliyekuwa akiishi New York. Haki zake zilikuwa za kampuni ya Conrad Hubert, mhamiaji aliyetoka Minsk akiitwa Akiba Horowitz, ambayo baadaye ilijulikana duniani kwa jina la Eveready. Kifaa chenyewe kilikuwa bomba la karatasi ngumu, mawe matatu ya betri yamepangwa moja nyuma ya jingine, balbu na kiakisi cha kurudisha mwanga mbele. Hubert alikuwa mjanja wa biashara: aliwagawia askari polisi wa New York tochi za bure, wakazisifu, na sifa zao akazitangaza. Kwa hiyo wateja wa mwanzo kabisa walikuwa watu wa lindo. Lakini hata wao hawakuweza kuiwasha wakaiacha inawaka. Balbu za wakati huo zilikuwa na uzi wa kaboni uliokula umeme mwingi, na mawe yalichoka upesi. Ulibonyeza, ukaona ulichotaka kuona, ukaachia ili betri ipumue.

Betri hizo nazo zilikuwa zimetoka mbali. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na manganizi ndani ya chupa yenye maji ya chumvi, ukiinamisha, inamwagika. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner akayageuza yale maji kuwa uji mzito uliofungiwa ndani ya kopo la zinki, na hapo ndipo umeme ukaweza kutembea mfukoni. Mwaka 1898 kampuni ya National Carbon ya Marekani ikatoa jiwe nene lenye umbo la mkebe mfupi. Jiwe la kipimo hicho hicho, volti moja na nusu, bado linauzwa kwenye maduka ya mtaa wa Biryogo, Kigali. Vitu vichache vya mwaka 1898 vingeingia sawasawa kwenye chombo ulichonunua jana.

Wakati huo Kigali ilikuwa haijazaliwa. Mjerumani Richard Kandt alikita makazi yake Nyarugenge mwaka 1907, na msikiti wa Al-Fatah ukajengwa Nyamirambo mwaka 1913 na jamii ya wafanyabiashara na wafanyakazi Waislamu waliokuja na lugha yao ya Kiswahili. Mwanga wa watu hao ulikuwa mafuta ya taa: chemli kwa mwenye nacho, na kwa wengine kile kijitaa cha kopo na utambi ambacho Wanyarwanda hukiita agatadowa. Wa vijijini walitembea usiku na mwenge wa matete makavu. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa za dukani zilipata njia fupi kidogo: treni kutoka Dar es Salaam, meli ya Ziwa Tanganyika hadi Usumbura (Bujumbura ya leo), kisha kupanda milima kuingia Rwanda. Kila kilichopita njia hiyo kilifika kimepanda bei, na kitu kinachokwisha, kama betri, unakilipia safari hiyo tena na tena.

Umeme wa maana ulikuja mwishoni mwa ukoloni. Kituo cha Ntaruka, kinachotumia maji yanayoporomoka kutoka Ziwa Burera kwenda Ruhondo, kilianza kazi mwaka 1959. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ilikuwa na wakazi 6,000 hivi. Vilima vyake vingi vilikuwa giza tupu, na kukuru-kakara za usiku ziliamuliwa na nani ana tochi.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoifanya tochi kuwa mali ya mtu wa kawaida Afrika Mashariki, kwa sababu betri zilianza kutengenezwa hapa hapa. Wajapani wa Matsushita walijenga kiwanda Dar es Salaam kilichotoa mawe ya National. Mwaka 1967 kikafunguliwa cha Eveready mjini Nakuru, kile cha nembo ya paka. Kutoka Guangzhou zikaja bidhaa za Tiger Head, kichwa cha chui milia, ambazo zimeenea barani kote kiasi kwamba watu wengi hawakumbuki kama kuna tochi nyingine ya bati.

Tochi hiyo ya bati inastahili kushikwa na kuangaliwa. Ni bomba linalong'aa lenye mistari ya kukuna ili lisiteleze mkononi, kichwa kilichopanuka kama tarumbeta, na swichi ya kusukuma kwa dole gumba. Ukizungusha kichwa, mwanga unajikusanya au kutawanyika. Kwenye kifuniko cha nyuma kuna springi, na ndani ya springi, katika zile nzuri, imefichwa balbu ya akiba. Ikiwa na mawe matatu ndani ni nzito kama rungu, jambo ambalo hakuna mlinzi aliyewahi kulilalamikia.

Mawe yakichoka, hayakutupwa. Yalianikwa juani juu ya bati la paa, au yalitafunwa kidogo pembeni, na usiku yakatoa mwanga wa nusu saa nyingine. Si ushirikina: joto huharakisha kazi ya kemikali iliyobaki ndani, na kuliminya kopo huusogeza ule uji mkavu. Ila kopo la zinki huliwa kadiri betri inavyofanya kazi, kwa hiyo jiwe lililoanikwa mara ya tatu lilitoboka na kuvuja, likaacha unga mweupe uliokula springi. Tochi nyingi za bati hazikufa kwa kuanguka. Zilikufa kwa ubahili wa mwenye kuanika, na ubahili huo ulikuwa na sababu, kwani mshahara wa mlinzi na bei ya mawe havikuwahi kuwa marafiki.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mji ulijengwa upya haraka kuliko mitambo yake ya umeme. Deni likadaiwa mwaka 2004. Ziwa Burera lilishuka, sababu ikiwa ukame pamoja na kukaushwa kwa sehemu za kinamasi cha Rugezi kinacholilisha, na Ntaruka ikapungukiwa maji. Kigali ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Serikali ikakodi jenereta za dizeli, na Electrogaz, shirika la umeme la wakati huo, ikapandisha bei. Tochi, ambayo wenye nyumba za ghorofa walikuwa wameiacha kwa zamu, ilirudi kwenye meza zao za chakula.

Lakini iliyorudi ilikuwa imebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walifanikiwa kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ukiipaka fosfori, hiyo buluu inatoa mwanga mweupe. Balbu ya uzi hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto, LED hupoteza kidogo kuliko hiyo. Mwaka 2003 Nokia ikatoa simu ya 1100 ikiwa na taa kichwani, na ghafla kila aliyekuwa na simu akawa na tochi. Haikumfaa zamu. Mlinzi anayemulika kwa simu anamaliza chaji ya kitu anachohitaji kuombea msaada.

Kilichomfuata zamu ni tochi ya plastiki yenye LED nyingi ndogo na plagi ya kukunjwa nyuma, unaichomeka ukutani moja kwa moja. Ndani yake hamna mawe bali betri ndogo ya risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari. Ilionekana ni mwisho wa kununua mawe. Mwaka 2009 watafiti Jenny Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills waliwauliza watumiaji nchini Kenya, wakiwemo walinzi wa usiku na waendesha baiskeli za abiria, watu ambao bila tochi hawapati riziki. Walikuta ghadhabu. Tochi za bei nafuu zilikuwa zimeshika soko, na watu walikuwa wakizitumia huku wakizilaani, maana ziliharibika mapema mno. Watafiti waliona pia kwamba tochi ya kuchaji huelekea kuwa nafuu kuliko ya mawe ukihesabu mwaka mmoja, lakini hesabu hiyo inategemea mtu anaitumia kwa kiasi gani kila usiku.

Ugonjwa wa betri ya risasi ni kuachwa tupu. Ikilala siku kadhaa bila chaji, fuwele hujengeka ndani na haishiki tena. Mzee akienda msibani wiki nzima akaiacha imeisha, atakuta boksi la plastiki.

Hapa Rwanda wengine walijaribu njia tofauti. Nuru Energy, iliyoanza mwaka 2008, ilisambaza vijitaa vya LED vijijini vilivyochajiwa kwa mtambo wa kukanyaga kwa miguu. Mtu mmoja wa kijiji alimiliki mtambo na kuwachajia wenzake kwa malipo. Lilikuwa wazo zuri la kipindi chake. Mwaka 2009 hazikufika kaya 10 katika kila 100 nchini zilizokuwa na umeme. Leo ni zaidi ya 70, ukijumlisha za sola. Viwanda vya mawe navyo vikapigwa na bidhaa za bei rahisi kutoka nje: Eveready ilifunga kiwanda chake cha Nakuru mwaka 2014.

Turudi basi kwenye meza ya kwa Mateus, ambako sasa kinachouzwa zaidi ni betri za lithiamu. Aina inayojulikana kwa namba 18650, nene karibu kama kidole gumba, ni nzuri kweli. Tatizo ni maandishi. Utaona imeandikwa mAh 9900, wakati betri bora kabisa za umbo hilo hushika karibu 3,500. Anayedanganya kwenye betri hatasema kweli kwenye mwanga, kwa hiyo tochi yenye tarakimu za kutisha naiweka chini.

Kwa maoni yangu, mlinzi wa lango anahitaji ngazi mbili za mwanga: hafifu wa kutembelea na kusomea daftari la wageni, na mkali wa dakika mbili mbwa anapobweka. Tochi yenye ngazi moja kali tu itamwacha gizani saa nane usiku. Betri iwe ya kutoka, si ya kulehemiwa ndani, na ichajiwe kwa waya wa simu. Swichi aipate kwa kidole akiwa amevaa koti la mvua, kwa sababu Aprili ya Kigali haimsubiri mtu. Kama kibanda chake hakina soketi, au mwenye nyumba ananung'unikia yuniti za umeme za Cash Power, mnunulie ya mawe bila aibu, ila ya LED: mawe mawili yanayokwenda siku nyingi, na duka la mtaani linayo.

Mama ambaye ni mshauri wa afya wa kijiji, kazi ya kujitolea ambayo Rwanda imeijenga tangu 1995, hahitaji tochi ya mlinzi hata kidogo. Anapoitwa usiku kwa mjamzito anataka mikono yote miwili, basi tochi ya kufunga kichwani, nyepesi, yenye mwanga usiomchoma mgonjwa macho.

Kuhusu nani alipe, walinzi wa irondo la kitaaluma, yaani doria ya usiku ya mtaa, wana mfuko wa michango ya usalama ya kaya za mtaa. Zamu wa nyumba binafsi hana mfuko, ana mwajiri, na si waajiri wote wanaokumbuka kwamba lango lenye mlinzi asiyeona ni lango wazi. Kabla hujatoa faranga zako, mwambie mzee akaulize kwanza kwa bosi wake. Na ukinunua, dai risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi, na uiwashe tochi pale pale dukani kwa mwanga mkali dakika 10. Zilizo mbovu huanza kufifia au kuchemka kichwa mbele ya muuzaji. Betri ya lithiamu iliyovimba isianikwe juani kama mawe ya zamani: inaweza kushika moto. Ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki, ambazo Rwanda huzishughulikia kwenye kituo cha Bugesera.