Kinga Iliyopungua, Kinga Iliyopotoka: Hoja Kuhusu Utambuzi wa Magonjwa ya Kinywa

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo, elimu ya afya imewazoesha wananchi, na kwa kiasi fulani hata watoa huduma, kuipima kinga ya mwili kwa wingi wake: imepanda au imeshuka. Mtazamo huo umeokoa maisha ya wengi, lakini kwa magonjwa ya kinywa hautoshi. Makala haya yanatetea hoja kwamba kinywa huugua kwa njia mbili zinazokinzana, kinga inapopungua na kinga inapougeukia mwili wenyewe, na kwamba kuandika dawa kabla ya kuzitofautisha ni kosa la kitabibu lenye gharama kubwa kwa mgonjwa.

Kinywa hukaliwa na mamia ya aina za bakteria, pamoja na fangasi, ambao kwa kawaida hawadhuru. Kinga ya humo hulazimika kuvumilia mengi na kupambana na machache. Mate hubeba kingamwili za aina ya IgA, ambazo huzuia vijidudu kujishikiza kwenye utando, pamoja na lisozimu na histatini, protini zinazodhibiti bakteria na fangasi. Fangasi wakianza kupenya, chembe T saidizi hutoa interlukini-17, ambayo huita chembe nyeupe za kupambana nao. Mizani hiyo ikiyumba upande wowote, kinywa huweza kutoa dalili mapema.

Tuanze na upungufu. Virusi vya Ukimwi (VVU) huziharibu chembe T saidizi, yaani CD4, zikiwemo zile zinazotoa interlukini-17. Hapo Candida albicans, fangasi anayeishi vinywani mwa watu wengi wenye afya, hupata nafasi ya kutanda weupe kwenye ulimi na kaakaa. Weupe huo hufutika kwa kitambaa na kuacha wekundu. Mwaka 1984 watafiti wa San Francisco, akiwemo Deborah Greenspan, walieleza doa jingine jeupe, la ubavuni mwa ulimi, lisilofutika. Chanzo chake ni virusi vya Epstein-Barr. Shirika la Afya Duniani limeweka doa hilo, pamoja na fangasi wa kinywani wasioisha, katika hatua ya tatu ya ugonjwa wa VVU, na saratani ya Kaposi, ambayo mara nyingi hujitokeza kwenye kaakaa, katika hatua ya nne.

Hata hivyo, upungufu na uchochezi huweza kukutana katika mwili mmoja. Uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda unahusishwa na virusi hivyohivyo vya Epstein-Barr, pamoja na malaria ya mara kwa mara, ambayo huzichochea chembe B ziongezeke huku ikidhoofisha udhibiti wa virusi. Kwa mtoto mwenye uvimbe huo, kusema kinga imepanda au imeshuka hakuelezi kitu.

Upotofu wa kinga huonekana wazi zaidi katika pemfigasi. Kingamwili hushambulia desmogleini 3, protini inayozishikamanisha seli za utando. Ngozi ina desmogleini 1 ya kufidia, lakini utando wa kinywa hauna ya kutosha. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi malengelenge huanzia kinywani, hupasuka upesi na kuacha vidonda vinavyodumu wiki au miezi kabla ngozi haijaguswa. Kabla ya steroidi, dawa zinazokandamiza kinga, kuanza kutumika miaka ya 1950, ugonjwa huu uliua wengi wa walioupata. Katika laikeni planasi, chembe T huua seli za tabaka la chini la utando, na mistari myeupe iliyosukana kama wavu hujitokeza ndani ya mashavu yote mawili. Nao ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la tabibu wa macho wa Sweden aliyeueleza kwa kina mwaka 1933, hushambulia tezi za mate. Kinywa hukauka, meno huoza, na fangasi hustawi kwa kukosa mate. Hapa fangasi yuleyule ametokana na kinga inayoshambulia kupita kiasi.

Madhara ya kuchanganya mambo haya ni makubwa. Mwenye VVU ambaye hajapimwa, akipewa steroidi kwa vidonda vya mdomoni, huweza kuwapa nguvu fangasi na kuichochea saratani ya Kaposi. Mwenye pemfigasi anayerudishiwa dawa za fangasi kila mwezi hupoteza muda ambao steroidi zingemwokoa. Vilevile, unga na juisi zinazouzwa kwa madai ya kuongeza kinga hazimgusi mtu ambaye kinga yake ina nguvu tele lakini imekosea shabaha.

Wapo watakaosema kwamba zahanati haina maabara, hivyo kutibu kwa dalili ndiyo njia pekee. Hoja hiyo ina uzito: pale VVU vilipoenea, weupe mdomoni mwa mtu mzima mara nyingi kweli ni fangasi. Lakini hatua za mwanzo hazihitaji maabara. Weupe ufutwe kwa kitambaa kuona kama unatoka. Mgonjwa ashauriwe kupima VVU. Aulizwe kama macho yake nayo yamekauka, na kama vidonda vilianza kwa malengelenge. Mwenye kidonda kilichozidi wiki tatu apewe rufaa, kwa kuwa kinaweza pia kuwa saratani. Huko hospitali, kipande kimoja cha nyama kilichokatwa kwa uchunguzi kiwekwe kwenye fomalini, na kingine, kilichochukuliwa kando ya kidonda, kisiwekwe humo, kwa sababu fomalini huharibu kipimo cha kingamwili. Maji ya chumvi ya hospitali hukifaa iwapo kitafika maabara ndani ya saa 24.

Miongozo ya tiba inayoorodhesha dawa chini ya kichwa kimoja cha vidonda vya mdomo ingepaswa kuandikwa upya kwa mpangilio huu: uchunguzi wa kutenganisha upungufu na upotofu utangulie, ndipo dawa ifuate. Mafunzo ya matabibu wa kawaida nayo yajumuishe kinywa kwa uzito uleule wanaoupa moyo na mapafu, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa huanza kwao kabla ya kufika kwa daktari wa kinywa na meno.