Safu ya Lugha: Myahudi si bahili

Pale Mwanjelwa, Mbeya, mnunuzi aliyenyimwa punguzo la viazi hunung'unika: "Huyu Myahudi kweli!" Iringa nako nimelisikia neno hilo likitumika hivyo. Neno "Myahudi" limetufikia kupitia Kiarabu, na chimbuko lake ni Yuda, mwana wa Yakobo. Linataja watu na dini yao. Tusilichanganye na Mwisraeli: Mwisraeli wa leo ni raia wa Israeli, awe Myahudi au Mwarabu. Kwa ubahili tuna maneno yetu: asiyetoa ni bahili au mchoyo. Anayepandisha bei makusudi, mlanguzi. Kashfa hii ya kumfanya Myahudi bahili ni chuki kongwe ya Ulaya, nasi tumeimeza nzimanzima. Wayahudi ni watu wa kawaida: Abayudaya wa Mbale, Uganda, Wayahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoingia dini hiyo mwaka 1919, wanalima kahawa kama watu wa Rungwe, mkoani Mbeya. Ukilisikia neno hilo sokoni, jibu: "Kaka, huyo ni Msafwa wa hapahapa Mbeya. Kama amekaza bei, sema amekaza bei."