Mincaye: aliyemuua baba, akamlea mtoto

Masomo ya Biblia: Luka 19:1-10, Hesabu 35:31-33, Waefeso 2:8-10



Zakayo alipookoka alijua la kufanya. Aliangalia mali aliyoipata kwa udanganyifu, akaahidi kuirudisha mara nne. Pesa inaweza kurudishwa. Mbuzi anaweza kurudishwa, hata shamba. Lakini mtu aliyeua atarudisha nini? Torati inajibu kwa ukali: katika Hesabu 35 Mungu anawakataza Waisraeli kupokea malipo yoyote kwa ajili ya uhai wa muuaji. Hakuna ng'ombe wala fedha inayotosha.

Swali hili haliko mbali nasi. Hapa mashariki ya Kongo watu wanatoka porini, wanaacha bunduki, wanakuja mbele kanisani wakilia. Tunawaombea, tunawabatiza. Jumatatu inafika, na mtoto wa yule aliyeuawa bado anaishi katika kijiji kile kile, hana baba, hana pesa ya masomo. Aliyeokoka afanye nini akikutana naye njiani? Leo tuangalie historia ya mtu aliyekutana na swali hilo kabla yetu. Jina lake Mincaye.

Nilipokuwa shule ya Biblia tulifundishwa nusu ya kwanza ya habari hii, tukaishia hapo. Ni habari ya wamisionari watano wa Marekani: Jim Elliot, Pete Fleming, Ed McCully, Nate Saint na Roger Youderian. Walikuwa katika inchi ya Ekuador, kule Amerika ya Kusini (si jimbo letu la Équateur). Ndani ya msitu mkubwa waliishi Waorani, kabila lililoogopwa na majirani wote. Kwao kisasi kilikuwa sheria. Waliuana wao kwa wao kwa mikuki, kizazi baada ya kizazi, hata zaidi ya nusu ya watu wazima hawakufa kwa ugonjwa wala uzee, bali kwa kuuawa.

Nate Saint alikuwa rubani. Kuanzia mwisho wa mwaka 1955 alizunguka na ndege ndogo juu ya kijiji chao, akiwashushia zawadi kwa kamba: vyungu, mapanga, nguo. Mwezi wa kwanza 1956 wale watano walitua kwenye mchanga wa mto Curaray. Siku ya Ijumaa mwanaume mmoja na wanawake wawili wa Waorani waliwatembelea kwa amani. Lakini kulikuwa na ugomvi ndani ya kabila. Yule mwanaume, akitaka kujiondolea lawama, alidanganya wenzake kwamba wageni wamewashambulia. Siku ya Mungu, tarehe 8 Januari 1956, wapiganaji walikuja na mikuki, wakawaua wote watano. Wamisionari walikuwa na bunduki, lakini walikuwa wamekubaliana kutozitumia kuua Waorani. Waliacha wajane watano na watoto tisa, mmoja akiwa bado tumboni.

Mincaye alikuwa mmoja wa wauaji. Wenzake Kimo na Dyuwi pia walikuwepo.

Nusu ya pili inaanza mwaka 1958. Rachel Saint, dada wa rubani, na Elisabeth Elliot, mjane wa Jim, waliingia kuishi kati ya watu hao hao. Elisabeth alimbeba binti yake mdogo, Valerie. Mwanamke wa Kiwaorani aitwaye Dayuma, aliyekuwa amekimbia kisasi miaka mingi kabla, ndiye aliyewafungulia njia. Waorani walishangaa: kwa nini hawa hawakuja kulipiza? Kidogo kidogo wakasikia Habari Njema. Kimo, Dyuwi na Mincaye wakaacha mkuki, wakamwamini Yesu.

Sasa angalieni mtoto mmoja. Steve, mwana wa Nate Saint, alikuwa hajafikisha miaka mitano baba yake alipouawa. Alipokua kidogo, alianza kwenda msituni wakati wa likizo kumtembelea shangazi yake Rachel. Kwa desturi ya Waorani, mtoto wa kiume wa mtu aliyeuawa ni hatari. Akikomaa atadai damu. Na yatima hakuwa na thamani: mara nyingine mtoto mdogo alizikwa pamoja na baba yake aliyekufa. Kwa hiyo Mincaye angeweza kumwogopa kijana huyu, au kumkwepa. Hakufanya hivyo. Aliona kwamba mtoto huyu hana baba wa kumfundisha kuishi, na aliyemwondolea baba ni yeye. Akamchukua kama mwanawe. Akamfundisha kuwinda kwa bomba la mishale, kama baba wa Kiwaorani anavyomfundisha mtoto wake.

Mwezi wa sita 1965, Steve na dada yake Kathy walibatizwa katika mto ule ule wa Curaray, karibu na mahali alipouawa baba yao. Waliowazamisha majini na kuwainua ni Kimo na Dyuwi. Mikono iliyoshika mkuki ndiyo iliyowashika watoto.

Rachel alifariki mwaka 1994. Steve alirudi kuishi na Waorani pamoja na mke na watoto wake, nao wakamwita Mincaye babu. Mwaka 2000 binti wa Steve alikufa ghafula, kwa damu iliyovuja ubongoni, wakiwa Marekani. Mincaye alikuwa pamoja nao siku hiyo, mzee akiwafariji kwa tumaini la mbinguni. Mincaye alifariki mwaka 2020, akiwa mzee wa kanisa kati ya watu wake.

Wapendwa, tujifunze nini?

Kwanza, Mincaye hakumlea Steve ili asamehewe. Alimlea kwa sababu alikuwa amesamehewa. Mtume Paulo anatufundisha katika Waefeso 2 kwamba tunaokolewa kwa neema, kisha matendo mema yanafuata. Tofauti hii si ndogo. Anayelea yatima ili alipe damu atataka ashukuriwe, na mtoto akikataa kumpenda atakasirika. Lakini yule ambaye deni lake limelipwa msalabani anaweza kutoa bila kudai chochote.

Pili, ilikuwa kazi ya maisha yote. Mfuko mmoja wa unga siku ya Noeli hautoshi. Mincaye alianza na mtoto wa shule, akamaliza akiwa babu wa watoto wake.

Tatu, mjane na yatima hawana deni kwako. Waorani hawakuvamia nyumba ya Rachel wakidai upatanisho. Yeye ndiye aliyekwenda kwao kwa hiari. Basi wewe uliyetoka porini, usigonge mlango wa mjane ukisema, «Nimeokoka, nipokeeni.» Sura yako peke yake inaweza kumrudisha siku ile. Pitia kwa mchungaji na wazee. Wakisema bado, ngoja. Ukitaka kumlipia mtoto masomo, peleka kwa mkono wa mtu mwingine, jina lako lisitajwe. Na tusidanganyane: Waorani hawakuwa na tribinali, sisi tunayo. Ubatizo haufuti sheria ya inchi. Ukiitwa kujibu, nenda ukaseme kweli. Kanisa si mahali pa kujificha.

Ndugu yangu unayesoma karatasi hii usiku, peke yako, kwa sababu unakumbuka jina la mtu fulani: uhai wake huwezi kuurudisha. Kristo peke yake amebeba deni hilo. Lakini yule mtu aliacha kazi ambayo haikuisha. Kuna mtoto anayehitaji kula, kusoma, kufundishwa shamba, kuonyeshwa njia. Anzia hapo, polepole, kwa unyenyekevu.

Tuombe. Baba, waliofiwa uwafunike, usiache mtu awalazimishe kusamehe kabla moyo wao haujapona. Waliomwaga damu uwape toba ya kweli, yenye matunda. Na watoto wetu wasirithi mkuki. Katika jina la Yesu. Amina.