Mto Kagera na vigogo wa Hollywood

Wadau, kwenye vibanda vya video pale Biharamulo tulikuwa tunajua majina ya mastaa tu. Yule simba anayenguruma mwanzoni mwa filamu hatukumjali. Kumbe ndiye mwenye mali!

Chukua mto wetu huu unaopita Rusumo, Ngara. Mwaka 1953 MGM, studio ya huyo simba, ilitoa Mogambo ya Clark Gable na Ava Gardner. Sehemu yake ilipigwa kando ya mto Kagera. Mwaka 1986 Ted Turner aliinunua MGM, akairudisha sokoni, ila filamu za zamani akabaki nazo. Mwaka 1996 kampuni yake ikaingia Time Warner, na Mogambo ikahamia huko.

Vigogo wengine ni Universal, Paramount, Disney (ilinunua Fox 2019) na Sony, wenye Columbia tangu 1989. Nguvu yao ni kusambaza na kushikilia haki miaka na miaka. Huku Bongo wasanii wengi waliuza masta mara moja, wakabaki na sifa tu.

Mdogo wangu anapiga filamu zake Ngara kwa simu. Nimemwambia: kabla hujasaini, uliza haki zinabaki kwa nani.

Nawasilisha.