Mboga Wakati wa Vita: Funzo la Kisangani

Leo tunazungumza juu ya mboga. Msicheke: mboga ni sehemu ya historia ya mji wetu.

Mwezi wa 8 mwaka 1998, waasi wa RCD pamoja na majeshi ya Rwanda na Uganda waliteka Kisangani. Mto ukafungwa. Meli za Kinshasa zilizokuwa zikileta chumvi, sabuni, unga na sukari hazikufika tena. Petroli ilikuwa shida, barabara za msitu zilikuwa zimekufa, na baiskeli za toleka ndizo zilizobeba watu na mizigo. Mashamba ya mbali yaliogopwa, maana njiani kulikuwa na wenye bunduki.

Basi watu wakalima mjini. Hata mtumishi wa serikali asiyelipwa mshahara alishika jembe. Walilima ndani ya parsela, kando ya barabara na kwenye mabonde ya vijito. Muhogo hutaka karibu mwaka mzima, na mwenye njaa hawezi kungoja hivyo. Lengalenga huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hayataki hata mbegu: unakata shina, unapanda. Sombe nayo huchumwa mizizi ikiwa ingali inakua.

Lakini bustani haizuii bombu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Raia zaidi ya 700 walikufa. Siku hizo sita, kutoka nje kuchuma mboga kulikuwa hatari ya kifo. Mwaka huo huo shirika la FAO, kwa msaada wa Ubelgiji, lilianza mradi wa kusaidia wakulima wa mboga mijini, mradi uliofikia miji mitano ya nchi, Kisangani ikiwamo. Mto ulifunguliwa tena mwaka 2003.

Tunajifunza nini? Jembe linataka udongo, na udongo una mwenyewe. Aliyekimbia vita hana parsela. Hulima kwa ruhusa. Pasipo mapatano, mboga zikishakua mwenye kiwanja huja kuzidai, na ugomvi huzaliwa. Sisi tunaujua ugomvi wa ardhi: ule wa Wambole na Walengola, uliozuka mwaka 2023 upande wa Lubunga, ulifukuza maelfu ya watu.

Kwa hiyo, mashefu, mkigawa kipande cha kulima, semeni mbele ya mashahidi: mpaka uko wapi, ni kwa mavuno mangapi, na mwenyewe atapata nini. Ninyi mliopokewa, msipande mchikichi mahali mlipoazimwa, kwa kuwa mti wa kudumu huonekana kama dai la ardhi. Pandeni lengalenga. Na mwenyeji asivune alichopanda mgeni.